Sura ya Sita: Safari, Mapenzi na Kalamu

Mwaka 1901 kilitoka nchini Ujerumani kitabu cha Kiswahili kiitwacho Safari za Wasuaheli. Mkusanyaji wake alikuwa Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, lakini waliosimulia walikuwa watu wa kwetu. Sleman bin Mwenye Chande alieleza msafara wake wa biashara kwenda bara. Selim bin Abakari alifika mbali zaidi: alifuatana na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia, akayaandika aliyoyaona huko kwa Kiswahili cha pwani. Naye Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alisimulia safari yake ya Udoe na Uzigua, nchi unazoanza kuzikaribia ukiuvuka mto Ruvu kutoka upande wa Kibaha na kushika njia ya kaskazini.

Huyu Mtoro ndiye ninayetaka tukae naye kidogo. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 ikatoka Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho sehemu yake kubwa imetokana na kalamu yake, ingawa jina lililotangulia ni la Velten. Mwaka huohuo aliacha kazi, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wa Kizungu hawakukubali kumpa mwalimu Mwafrika heshima ya mwalimu. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani, na mwaka uliofuata wakapanda meli pamoja kurudi pwani yetu. Walipofika, wakuu wa koloni hawakukubali mwanamke wa Kizungu ashuke bandarini akiwa mke wa Mwafrika. Mume na mke wakarudi Ujerumani. Mtoro aliishi huko hadi alipofariki mjini Berlin mwaka 1927.

Msafiri, mpenzi na mwandishi, wote katika mtu mmoja wa Mkoa wa Pwani. Kijana wa Kibaha akisimuliwa kisa hiki huuliza swali lilelile ambalo msomaji yeyote wa hadithi nzuri huuliza: ikawaje? Swali hilo ndilo linalomfanya mtu afungue ukurasa mwingine, na ndilo ninalolitetea katika sura hii. Nimeishi na vitabu vya watu wengi, nami naamini kabisa kwamba msomaji haanzi na kitabu cha kumfaa. Huanza na kitabu kinachomnyima usingizi: mtu anafukuzwa na maadui, msichana kapata barua, maiti imekutwa na mlango umefungwa kwa ndani. Kitabu cha kumfaa kinakuja baadaye, tena anakitafuta mwenyewe.

Kibaha inafahamu habari za elimu kuliko miji mingi. Mwaka 1963 nchi nne za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha hapo mradi wa kupambana na ujinga, umaskini na maradhi, wale maadui watatu ambao kila mwanafunzi wa enzi zile aliwataja akiwa amesimama wima. Pakajengwa shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, ambalo pamoja na shule na vyuo vyake lina maktaba ya umma. Kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam, kando ya barabara ya Morogoro, mtoto wa mkulima aliweza kuingia, akaketi na kitabu ambacho si cha baba yake wala cha mwalimu wake.

Upande wa Kisarawe una historia ya zamani zaidi. Minaki, shule iliyo karibu na mji wa Kisarawe, ilitokana na Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, ambacho wamisionari Waanglikana wa UMCA walikihamishia huku katika miaka ya 1920. Tangu mwaka 1888 Kiungani ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Msimulizi, na wanafunzi wenyewe walikuwa wakiliandikia habari. Na hapo jirani, Pugu, mlangoni pa kuingilia Kisarawe, ndipo Julius Nyerere alipofundisha hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 ili ashughulikie siasa. Mwalimu huyo baadaye alimtafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari, kisha Mabepari wa Venisi, mchezo ambao una meli zilizopotea, mchumba anayetafutwa kwa bahati nasibu ya masanduku matatu, na msichana anayetoroka kwao usiku. Rais mwenye nchi changa mikononi alitenga muda kwa ajili ya kisa cha mapenzi na hatari. Wanaowaambia watoto kwamba hadithi ni za kupotezea wakati wangemfikiria kidogo yeye.

Hadithi za hatari zilizotangulia kuchapwa kwa Kiswahili kwa ajili ya shule hazikuwa zetu. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Johnson alikuwa hodari wa lugha, na mwaka uliofuata akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Vitabu vyake vilisomwa kwa raha, na mimi sivibezi. Lakini katika Mashimo, mwenye kufikiri, kupanga na kuondoka na almasi ni Mzungu. Mwafrika ni mpagazi, au shujaa wa kupigana, au mchawi. Mtoto wa Uzaramo aliyekipenda kitabu hicho alilazimika kujiweka upande wa mtu asiyefanana naye ndipo apate kushinda mwishoni.

Ndiyo maana Bwana Msa ni tukio kubwa. Mohamed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Unguja, alishinda shindano la Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 kwa mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Ndani yake yumo Bwana Msa, mtu mwenye kiko mdomoni, mwenye utaratibu wa kusikiliza na kuuliza, ambaye watu wakisema hili ni la mizimu, yeye hutafuta mkono wa binadamu uliolifanya. Rafiki yake Najum husikia yaleyale anayoyasikia msomaji, na hukosea palepale msomaji anapokosea. Ni kweli kwamba mwandishi aliwasoma wapelelezi wa Kiingereza, na haoni haya kuonyesha. Lakini mazungumzo, adabu, utani, majumba, majina na siri za kifamilia ni vya Unguja vyote. Bwana Msa aliendelea na kesi zake katika Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo hadi miaka ya 1980.

Bara nayo ikajibu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, naye Inspekta Wingo akaanza kuwasaka wauaji wa Dar es Salaam. Kisha akaja Elvis Musiba na mpelelezi wake, Willy Gamba, katika Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi, Njama na Hofu. Vitabu hivi vina bastola, hoteli kubwa na wanawake wazuri, na wahakiki wengi wa chuo kikuu waliviita fasihi pendwa kwa sauti ya kudharau. Naomba tuvitazame tena. Adui wa Willy Gamba si mwizi wa mfukoni. Ni jasusi wa makaburu, ni mamluki, ni msaliti aliyenunuliwa ili harakati za ukombozi zife. Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa na makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na hofu ya bomu kwenye kifurushi haikuwa ya kubuni: mwaka 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa jijini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Kijana aliyemfuata Willy Gamba usiku kucha alikuwa akijifunza siasa ya nchi yake bila kuhutubiwa.

Baada ya hapo ndipo alipotamba Ben Mtobwa na mhusika wake, Joram Kiango. Mtobwa aliwaelewa vijana. Kazi zake zina kasi, na kando ya Joram yupo Nuru, mwanamke anayempenda na kuingia naye kwenye hatari, hata msomaji aliyefuata mapenzi na yule aliyefuata risasi wote waliridhika. Mtobwa hakukaa kusubiri wachapishaji. Alianzisha kampuni yake ya Heko, akavitoa vitabu vyake mwenyewe wakati ambapo karatasi ilikuwa adimu.

Uandishi wa namna hii ulipata soko lake kwa sababu ya kazi kubwa iliyotangulia madarasani. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kwa takwimu za serikali, ilipofika mwaka 1986 waliobaki hawakufikia asilimia 10. Kisomo cha watu wazima kilipita kila kijiji, pamoja na vijiji vya Kisarawe na Kibaha, watu wakisoma jioni baada ya shamba. Vitabu vyao vilihusu pamba, ng'ombe, mahindi na siasa. Ni vitabu vilivyostahili heshima, lakini mtu aliyekwisha kujua kilimo cha mahindi kwa miaka 30 hatarudi kusoma kitabu cha mahindi mara ya pili. Ili asisahau kusoma, alihitaji kitu ambacho hajui kitaishaje. Hapo ndipo serikali na wachapishaji wake walipolegea, na pengo likajazwa na vijitabu vya bei nafuu vilivyopita kutoka mkono hadi mkono. Magazeti ya hadithi za kuendelea nayo yakaingia. Eric Shigongo alipokuwa akitoa simulizi zake kwa vipande, zikiwamo Rais Anampenda Mke Wangu, watu walisubiri siku ya gazeti lao kama wanavyosubiri malipo ya korosho, na gazeti moja lilisomwa na nyumba nzima.

Kuhusu mapenzi kuna ugomvi wa kweli, tena nauheshimu. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, hadithi ya msichana wa Ukerewe ambaye baba yake anamlinda kwa fimbo, na ulinzi huo ndio unaomwacha mikono mitupu anapokutana na dunia. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa sababu kilitaja waziwazi mambo ya mwili. Miaka ilipopita, kitabu kilekile kikawekwa miongoni mwa vitabu teule. Wazazi wa miaka ile hawakuwa wajinga. Waliogopa mimba, waliogopa binti kuachishwa shule, na hofu hiyo ipo Maneromango na Mlandizi mpaka leo.

Ila tukumbuke kwamba Uzaramo haikuwahi kuacha mapenzi yajifundishe yenyewe. Mwali aliwekwa ndani, akawa na kungwi wake. Alifundishwa kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa vielelezo namna ya kuishi na mwanamume, namna ya kujitunza na namna ya kukataa. Maneno yaliyokuwa mwiko barazani yalisemwa wazi mahali pake, na mtu mwenye umri unaostahili. Leo wasichana wengi wa sekondari wanaishi bwenini, mbali na shangazi na bibi, na muda wa kukaa ndani haupo tena. Hadithi nzuri ya mapenzi haiwezi kumrudisha kungwi, lakini inampa msichana nafasi ya kuona uamuzi mbaya ukifanywa na mtu mwingine, na matokeo yake yakamfika mtu mwingine, kabla hajafikiwa yeye. Kwa hiyo swali linalonishughulisha ni hadithi ipi, kwa umri upi, na nani yupo wa kuizungumza naye baada ya kuisoma. Bibi mkutubi aliyekisoma kitabu kabla ya kukiazimisha anafanya sehemu ya kazi ya kungwi, hata kama hajaitwa hivyo.

Shuleni mambo yamechukua sura nyingine. Muulize mhitimu yeyote wa kidato cha nne vitabu alivyosoma, atakutajia bila kufikiri: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, Ngoswe, Kilio Chetu, Orodha, Wasakatonge. Kisha mwombe akusimulie Ngoswe. Wengi watakupa dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi na ufaafu wa jina la kitabu. Wachache watakueleza kwamba Edwin Semzaba ameandika kisa cha kuchekesha na kuumiza kuhusu karani wa sensa anayefika kijijini kuhesabu watu, akampenda Mazoea, binti wa mzee Ngengemkeni Mitomingi, hadi karatasi za serikali zikateketea motoni kwa ajili ya penzi hilo. Mitihani inauliza fani na maudhui, kwa hiyo mwanafunzi ananunua mwongozo. Mwongozo ni kijitabu chembamba chenye majibu. Nimeviona vikiwa vimechakaa, kurasa zimepigwa mistari kwa kalamu nyekundu, wakati tamthiliya yenyewe kabatini ingali na harufu ya kiwandani.

Siwalaumu walimu. Kisarawe ilipoendesha kampeni ya Tokomeza Zero, Jokate Mwegelo akiwa mkuu wa wilaya, lengo lilikuwa kuwaondoa vijana kwenye daraja sifuri, na kampeni ikazaa pia shule ya sekondari ya wasichana. Ni kazi ya kupongezwa. Mtoto anayefeli Kiswahili, lugha anayoiota, anaumia kweli. Lakini kwa maoni yangu dawa ya sifuri imo ndani ya riwaya kuliko ndani ya mwongozo. Aliyesoma hadithi 20 kwa hiari yake haogopi karatasi ya ufahamu. Macho yake yamekwisha kuzoea sentensi ndefu, na msamiati umemwingia bila kuukariri.

Hamu ya hadithi haijafa. Panda daladala la Kibaha kwenda Mbezi asubuhi uangalie mikononi mwa abiria. Dada aliyebanwa dirishani anateremsha kidole kwenye simu taratibu, na kilichomshika ni simulizi, sehemu ya 14. Kipande kinakatika mlango ukigongwa, halafu chini yake imeandikwa: itaendelea, lipia upate mwendelezo. Anayetaka kujua nani yupo mlangoni anatuma hela kidogo kwa simu, anaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp. Waandishi wa namna hii ni wengi, na wengine ni hodari wa kukata kisa mahali panapouma. Wanachokosa ni mhariri. Majina ya wahusika hubadilika njiani, mtu aliyekufa hurudi bila maelezo, tahajia inavurugika. Wanastahili kusaidiwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, imefungua mlango mmoja. Lakini kati ya kundi la WhatsApp na tuzo ya taifa hakuna ngazi za kutosha katikati, na ngazi hizo zinaweza kujengwa shuleni.

Kutunga kunafundishika. Mwaka 1954, Nyerere akiwa bado anasahihisha madaftari Pugu, vilitoka vitabu viwili vya kumwonyesha Mswahili jinsi ya kuandika. Kimoja ni Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert. Kingine ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri. Sheikh Amri hakusema kwamba ushairi ni kipaji basi. Alieleza vina, mizani na vituo hatua kwa hatua, kisha akaweka diwani yake mwenyewe nyuma ili mwanafunzi aone sheria zikifanya kazi. Riwaya inahitaji mwongozo wa namna hiyo kwa vijana wetu: utamwingizaje mhusika, utaficha nini na hadi lini, mazungumzo yataendaje bila kila mtu kusema kwa sauti ya mwandishi.

Tena Kisarawe na Kibaha hazina haja ya kwenda mbali kutafuta mahali pa kisa. Katika vilima vya Pugu kuna mapango yaliyoachwa na machimbo ya udongo mweupe wa kaolini, na jioni popo hutoka humo kwa maelfu. Msitu wa Kazimzumbwi upo hapohapo. Reli ya TAZARA inapita Mzenga, na treni ya umeme inapita Soga. Mwalimu akiwaambia kidato cha pili, "Mtu ameshuka stesheni ya Mzenga usiku akiwa na begi ambalo si lake, andikeni kurasa tatu," hatapata watoto waliokaa wakiuma kalamu. Zoezi la pili ninalolipenda ni kumpa Mazoea kalamu: aandike yeye, kwa maneno yake, siku karatasi za sensa zilipoungua. Mwanafunzi hawezi kulifanya zoezi hilo kwa mwongozo. Itambidi afungue tamthiliya.

Kwa maktaba ndogo ya shule ningeanza na kabati moja, tena lisifungwe kwa kufuli siku za masomo. Bwana Msa akae jirani na Willy Gamba, Rosa Mistika iwekwe kwa ajili ya kidato cha tano na sita, Kuli na Vuta n'Kuvute za Shafi Adam Shafi ziwemo, Mtoro na safari zake wachapwe upya kwa tahajia ya leo, na hadithi bora za wanafunzi zichapwe, zitobolewe, zifungwe kwa uzi na kupewa namba kama vitabu vingine. Kuazima kuandikwe kwenye kaunta buku: jina, kitabu, tarehe. Kitabu kikirudi kimechakaa kwa kusomwa, mwanafunzi asitozwe faini, kinunuliwe kingine.